Mstari mwekundu chini ya ardhi

Kibanda changu cha ufundi kiko Katoro, mkoani Geita. Redio, simu, amplifaya za baa na chaja za taa za kichwani za wachimbaji ndiyo kazi yangu tangu nilipotoka nyumbani Shinyanga. Asubuhi moja akaingia mzee mwenye maduara mawili, yaani mashimo ya uchimbaji, upande wa Nyarugusu.

"Mwangaluka, fundi. Vijana wangu wamepishana chini."

Alikusudia kuyaunganisha maduara yake kwa njia ya chini ili hewa ipite. Kundi moja lilianzia huku, jingine kule, wote wakifuata kamba na makadirio ya macho. Siku waliyotarajia kukutana, walisikia nyundo za wenzao zikigonga pembeni. Walikuwa wamepishana kwa zaidi ya hatua mbili. Wiki za jasho zilikuwa zimeliwa na mwamba mtupu, na hewa bado haikuwepo.

"Nitengenezee kitu cha kunyoosha njia," akasema.

Katika migodi mikubwa, kama ule wa Geita ulioanza kuzalisha mwaka 2000 na Bulyanhulu ulioanza 2001, wapima wana mashine za leza za kuwapa mwelekeo. Mchimbaji mdogo hawezi kununua mashine ya namna hiyo. Hata hivyo, leza ndogo huuzwa ikiwa vipande vya kuunganisha mwenyewe: dayodi, lenzi, kasha la shaba na saketi ndogo. Nikaagiza pakiti mbili.

Nikamweleza mzee leza ni nini kwa mfano wa nyumbani. Taa ya kawaida ni kama watu sokoni siku ya gulio, kila mmoja na njia yake, kila mmoja na mwendo wake. Leza ni kama wacheza ngoma ya bugobogobo: majembe yote yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Mwanga wake ni wa rangi moja, unakwenda kwa hatua moja na kuelekea upande mmoja, ndiyo maana hautawanyiki upesi. Albert Einstein alieleza msingi wa jambo hilo mwaka 1917. Tarehe 16 Mei 1960, huko Marekani, Theodore Maiman akawasha leza ya kwanza kwa kutumia kijiti cha rubi ya kutengenezwa. Miaka miwili baadaye leza ikatolewa kwenye kipande kidogo cha dayodi. Dayodi niliyoshika mimi ni ndogo kuliko punje ya mahindi, na mwanga wake ni mwekundu wa nanomita 650.

Dayodi ya leza inataka umeme wa kiasi maalumu. Ukipungua, leza haizaliwi. Ukizidi kidogo, dayodi inakufa. Kwa hiyo huiungi moja kwa moja kwenye betri. Mimi nilitumia kidhibiti cha LM317, kinachofahamika kwa kila fundi wa redio. Kikifungwa kwa mtindo wa kudhibiti mkondo, kinashikilia volti 1.25 kwenye rezista moja. Nikaweka rezista ya ohm 47. Gawanya 1.25 kwa 47, unapata karibu miliampia 27, ambazo dayodi yangu ilizitaka. Betri mbili za lithiamu za volti 3.7 zikatosha.

Kabla ya kuunga leza nilijaribu saketi kwa mzigo wa bandia: dayodi tatu za kawaida aina ya 1N4007, zile za kwenye chaja, zikifuatana na rezista ya ohm 1. Juu ya ohm 1, kila milivolti inayosomwa kwenye mita ni miliampia moja. Mita ikasoma 27. Moyo ukatulia.

Hata hivyo dayodi ya kwanza niliiua. Nilifungua mzigo wa bandia umeme ukiwa bado unaingia, kapasita ya saketi ikajaa, kisha nikagusisha leza. Umeme wote ukamwagika kwa mkupuo mmoja. Dayodi ikabaki inang'aa kama taa hafifu, haina mstari tena. Ya pili niliunga baada ya kuzima na kugusanisha miguu ya kapasita ili imalize umeme wake. Nikaibana kwenye kipande cha alumini cha kupoozea joto, nikaifunga ndani ya tochi kuukuu, nikazungusha lenzi taratibu hadi doa jekundu likawa dogo kama punje ya mtama kwenye ukuta.

Siku ya kazi tuliteremka kwenye duara la mzee. Juu, mdomoni mwa shimo, tulikuwa tumening'iniza timazi mbili zilizoachana mita moja, kamba zake zikiwa zimelengwa sawasawa kuelekea duara la pili. Chini, kila timazi ilizama ndani ya ndoo ya maji ili isiyumbe. Nikaweka leza nyuma ya kamba ya kwanza. Mwanga ulipoigusa, uzi ukawaka mwekundu. Nikasogeza tochi kwa upana wa ukucha, na kamba ya pili nayo ikawaka. Mstari ulikuwa umepatikana. Vumbi lilipopita katikati tuliuona wote, umenyooka hadi kwenye mwamba, na kijana mmoja akaweka alama ya chokaa palipotua doa.

Hapo ndipo utulivu wa mkono unapohitajika. Kwa timazi zilizoachana mita moja, kosa la milimita 2 tu linakuwa sentimita 4 ukifika mita 20. Leza hainyooshi kazi ya mtu mwenye haraka. Tulirudia kupima kila asubuhi, tukafanya hivyohivyo kwenye duara la pili. Safari hii vijana walikutana. Hewa ilipopita, mzee alivua kofia na kuishika kifuani.

Tangu hapo vijana wanakuja kuniomba leza "kali", ya kuwasha kiberiti. Nawakatalia, na sababu ni jicho. Lenzi ya jicho hukusanya mstari wa leza na kuufanya nukta ndogo sana nyuma ya jicho, kwa ukali unaoweza kuzidi mara 100,000 ya ule ulioingia. Sehemu hiyo haina hisia ya maumivu. Mtu anaungua asijue, baadaye anaona doa jeusi lisilofutika. Kope hufumba kwa takribani robo sekunde, muda unaotosha kukukinga na leza ya chini ya miliwati 1. Kwa leza kali umeshachelewa. Ikifika miliwati 500 na zaidi, hata mwanga uliogonga ukuta na kurudi unaweza kudhuru.

Usiamini pia karatasi iliyobandikwa kwenye leza. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima leza 122 za mkononi: karibu 90 kati ya kila 100 za kijani zilivuka kanuni za usalama, na nyekundu 44 kati ya kila 100. Kwa hiyo hata yangu, iliyoandikwa miliwati 5, naishika kama iliyo kali zaidi. Naiwasha ikiwa imefungwa mahali pake, chini ya usawa wa macho, na mezani navaa miwani ya kinga iliyotengenezwa kwa rangi hiyo ya mwanga. Miwani ya jua haizuii.

Kijana unayetaka kuunda leza, iunde. Utajifunza umeme zaidi kuliko nilivyojifunza mimi kwa miaka. Anza na nyekundu ndogo, pima kwa mzigo wa bandia, na usimmulike mtu, dereva wa bodaboda wala ndege. Kazi ya mzee ilihitaji mstari ulionyooka tu, na mstari huo ulitoka kwenye leza dhaifu ndani ya tochi kuukuu.