MALARIA INAPOPANDA KICHWANI

Huku Arua na Koboko malaria haina likizo. Kila mzazi, awe wa kambini au wa kijijini, amesikia ikisemwa kwamba malaria ya mtoto fulani "imepanda kichwani". Yafaa basi ifahamike jambo hilo hutokeaje, maana hapo ndipo uhai wa mtoto hupotea au kuokolewa.

Mishipa ya damu imetandikwa seli nyembamba kwa ndani. Katika kiini cha kila seli mna jeni, yaani maagizo ya urithi. Jeni mojawapo hutengeneza protini ya kunatia iitwayo ICAM-1. Mtu akiwa mzima, jeni hiyo hufanya kazi kidogo tu. Mwili ukivamiwa na vijidudu, chembe za ulinzi hutoa kemikali ya tahadhari iitwayo TNF, nayo hubisha hodi kwenye seli za mshipa. Ndani ya seli hizo yumo mjumbe, NF-kB, aliyegunduliwa mwaka 1986. Kwa kawaida mjumbe huyo hushikiliwa na protini nyingine, kama askari aliyeamriwa asitoke lindoni. Tahadhari ikifika, protini hiyo huvunjwa. Mjumbe huingia katika kiini na kuiamsha jeni. Baada ya saa chache ukuta wa mshipa huenea ICAM-1.

Kusudi lake ni jema: chembe nyeupe za damu zipate pa kushika, zitoke mshipani na kumkabili adui. Lakini kijidudu cha malaria kali, Plasmodium falciparum, huigeuza silaha hiyo. Chembe nyekundu alizoziingia huota vinundu, navyo huweza kunata kwenye ICAM-1 hiyo hiyo. Mishipa midogo ya ubongo ikizibwa, mtoto hushikwa na degedege na hata kupoteza fahamu.

Basi ndugu wazazi, homa isilazwe. Mtoto apimwe damu siku ile ile, na dawa aliyopewa aimalize. Akishikwa na degedege, alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani, akimbizwe hospitali. Iko sindano ya artesunate: utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba hupunguza vifo vya watoto kwa zaidi ya moja ya tano kuliko kwinini. Lakini sindano humfaa aliyefikishwa mapema. Na chandarua chenye dawa kitandikwe kila usiku, kambini na nyumbani.