Mmoja wa Tanga, mmoja wa Mombasa

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Mume wangu ni mtu wa Likoni, Mombasa. Kwetu mimba ya kwanza mtu hurudi kujifungulia kwao, basi nilipokaribia nikavuka mpaka wa Lungalunga na Horohoro, binti yetu akazaliwa Tanga. Wa pili sikujisumbua, nikamzaa huku huku Mombasa. Baba mmoja, mama mmoja, lakini kwa uraia watoto hawa hawalingani.

Upande wa Kenya hakuna shida. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inamtambua mtoto kuwa raia wa kuzaliwa ikiwa siku anazaliwa baba au mama yake ni Mkenya, popote alipozaliwa. Zamani Mkenya mwanamke aliyezaa nje na mume mgeni hakuwa na uraia wa kumpa mwanawe. Uraia ulipita kwa baba.

Tanzania ina mafungu. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mkubwa wangu ni raia wa kuzaliwa, maana alizaliwa ndani ya nchi na mzazi wake mmoja ni raia. Mdogo ni raia wa kurithi kupitia kwangu. Leo hakuna anayeiona tofauti hiyo, pasipoti ni ile ile. Wataiona wajukuu: raia wa kurithi akizaa nje ya Tanzania, uraia unakomea kwake.

Ndiyo maana tulipofuatilia uraia wa mdogo, cheti changu mimi cha kuzaliwa ndicho kilichotakiwa kwanza. Lazima ithibitike kwamba mama mwenyewe hakuurithi uraia wake nje. Cheti changu kinasema Saumu. Cheti cha mtoto kiliandikwa mama yake ni Swaumu. Karani akaviweka vyeti viwili sambamba mezani, akapigia mstari ile herufi kwa kalamu ya risasi, akaniambia, "Mama, hawa ni watu wawili." Ikabidi niape kwa wakili, nilipie muhuri, nirudi foleni. Mjamzito anayesoma hapa anisikie: ile karatasi ya hospitali isome herufi kwa herufi kabla hujaondoka. Majina yetu ya Pwani kila mtu huyaandika anavyoyasikia.

Uraia wa nchi mbili wanao wote, ila Tanzania huwavumilia wangali watoto tu. Mtu akitimiza miaka 18 anatakiwa aukane ule wa nchi nyingine na kula kiapo cha utii, la sivyo wa Tanzania unamtoka. Kenya haimlazimishi raia wa kuzaliwa kuchagua. Kwa hiyo wengi hukaa kimya, siku zikapita, wakajikuta Wakenya watupu bila kuamua lolote. Mimi huko siiti kuchagua.

Kwetu jambo lenyewe ni ardhi. Babu yao ana minazi Pangani, na Tanzania asiye raia hamiliki ardhi kama raia anavyoimiliki. Mabadiliko yaliyopitishwa na Bunge mwaka 2025 yamelegeza kidogo kwa kuwapa wenye asili ya Tanzania hadhi maalumu, lakini hadhi si uraia, kura hupigi. Binti yetu mkubwa akigeukia Tanzania na kuukana Ukenya, kiwanja cha Likoni atakishika kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99, kama mgeni yeyote.

Baba yake anasema abaki Mkenya. Mama yangu amenuna tangu alisikie hilo. Mwenyewe anawaza chuo: mkopo wa elimu ya juu wa Tanzania ni wa Watanzania, na moyo wake uko Dar es Salaam. Nimemwambia kitu kimoja tu, kwamba akiamua Tanzania tuanze kufuatilia karatasi za Nairobi mapema, kwa sababu kiapo bila hati ya kuukana uraia wa Kenya hakitoshi, na ofisi haziendi kwa kasi ya siku yake ya kuzaliwa.