Mhuri wa zamani unasemaje? Tusome karatasi ya kiwanja cha Dodoma

Umeletewa karatasi ya kiwanja. Muuzaji anasema marehemu baba yake alipewa mwaka 1998, na kweli juu pameandikwa 1998. Chini kuna mhuri wa duara, wa bluu, umefifia. Unaukodolea macho mpaka unasomeka: Halmashauri ya Jiji la Dodoma.

Hapo simama kwanza. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Mwaka 1998 ilikuwa manispaa, na mwenye kugawa viwanja vya mji alikuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyoundwa 1973 na kuvunjwa na Rais Magufuli Mei 2017. Vivyo hivyo karatasi ya Juni 1964 yenye neno Tanzania: jina hilo lilianza rasmi tarehe 29 Oktoba 1964. Kabla ya hapo, tangu Aprili, tulikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar.

Ila usikimbilie kumwita mtu tapeli. Jina jipya kwenye karatasi ya zamani lina shida, lakini jina la zamani kwenye karatasi mpya linaweza kuwa halali kabisa, maana ofisi haitupi mhuri siku ileile jina linapobadilika (bajeti ya mwingine itoke wapi?). Pia nakala ya zamani inaweza kugongwa mhuri leo na wakili anayethibitisha kuwa inalingana na halisi. Kwa hiyo tafuta tarehe iliyo ndani ya mhuri wenyewe, si ile iliyopigwa chapa juu ya barua.

Na kama hausomeki? Piga picha kwa simu mchana, kivulini, bila flashi. Kila picha ya rangi ni picha tatu zilizopangwa pamoja: nyekundu, kijani na bluu. Programu nyingi za kuhariri picha zinakuruhusu kuzitenganisha. Wino wa bluu unameza mwanga mwekundu na kurudisha wa bluu. Kwa hiyo kwenye picha nyekundu mhuri unakuwa mweusi, herufi zilizofifia zinajitokeza. Kwenye picha ya bluu mhuri unafifia mpaka karibu kufanana na karatasi, na maandishi meusi yaliyofunikwa chini yake yanasomeka. Mhuri ukiwa wa zambarau, jaribu picha ya kijani. Mimi naona hii ndiyo fizikia tamu kuliko zote, maana haina gharama.

Baada ya hapo chukua lenzi ya kukuzia. Mpira unapogandamizwa husukuma wino pembeni, ndiyo maana herufi za mhuri wa kugonga mara nyingi zina ukingo mzito na katikati hafifu. Ukiona badala yake vidoti vidogo vya rangi tofauti, nyekundu hapa, samawati pale, huo umetoka kwenye printa. Hiyo ni nakala ya rangi, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni karatasi halisi.

Sasa, mhuri ukipita majaribio yote haya bado hujanunua kiwanja. Fundi yeyote wa mihuri anaweza kuchonga wa mpira wenye jina sahihi na mwaka sahihi, na utagonga vizuri tu. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi, omba upekuzi rasmi kabla hujatoa hata shilingi ya utangulizi.