Je, Wajua? Taa za Kisangani zinawashwa na mto mdogo

Kisangani umelala kwenye ukingo wa mto Kongo, chini ya maporomoko saba ya Boyoma, pale wavuvi Wagenya wanapotega samaki kwa madema makubwa. Lakini umeme wa mji hautoki huko! Unatoka Tshopo, mto mdogo wa pembeni.

Bwawa lake lilianza kazi mwaka 1955, mji ukiitwa bado Stanleyville. Halichomi makaa ya mawe wala gesi: maji yanashuka kwa kishindo na kuzungusha mitambo, inayotoa takriban megawati 18 tu ikiwa mizima yote.

Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa siku sita. Mji ukakosa umeme na maji ya bomba.

Na kwa umeme mdogo hivyo, jikoni mama bado anapepea makaa ya kuni.