Kigezo cha Pareto na kitabu cha watu wawili

Katika uchumi wa ustawi kuna kigezo kinachoaminiwa kuliko vyote: watu wote wakiipenda hali fulani kuliko nyingine, basi hiyo ndiyo bora. Kinaitwa kwa jina la Vilfredo Pareto, Mwitaliano aliyefundisha Lausanne, na hudaiwa kwamba hakiegemei upande wowote.

Mwaka 1970 Amartya Sen, mchumi wa India, aliandika makala ya kurasa chache kuonyesha kwamba kigezo hicho hugongana na uhuru wa mtu binafsi. Mfano wake ulikuwa riwaya ya D. H. Lawrence, Lady Chatterley's Lover, ambayo mchapishaji wake alishtakiwa London mwaka 1960 kwa kueneza uchafu, akashinda kesi. Nakala ni moja, watu ni wawili. Tuwaite Bwana Staha na Bwana Raha (majina ni yangu). Staha anataka kitabu kisisomwe kabisa. Ikishindikana, heri akisome yeye kuliko Raha azidi kuharibika. Raha naye angefurahi mno Staha akisome, uso wake uive kwa haya. La sivyo akisome mwenyewe. Kisiposomwa, kwake ni hasara tupu.

Sasa tuheshimu uhuru. Staha kusoma au kutosoma ni shauri lake, naye hataki. Raha kusoma au kutosoma ni shauri lake, naye anataka. Basi asome Raha. Lakini ngoja: wote wawili wanaona afadhali asome Staha kuliko Raha! Pareto anaamuru kitabu kiende kwa Staha, Staha anakikataa kwa haki yake, na tumerudi tulikoanzia. Kila uamuzi una mwingine unaoushinda.

Mwanafalsafa Allan Gibbard alipendekeza kwamba mtu aweze kuiachilia haki yake kwa makubaliano. Sawa, lakini nani atahakikisha Staha amesoma kweli? Msimamizi wa mkataba huo angelazimika kuingia hadi chumbani. Jibu la mwanafalsafa Robert Nozick, la mwaka 1974, lina nguvu zaidi: haki si matakwa ya kupangwa pamoja na mengine, ni mipaka, na jamii huchagua ndani yake.

Mimi naona Nozick ameuokoa uhuru akaacha ugawaji palepale. Mtu mmoja akiwa na ghala la mahindi na jirani yake hana hata debe, kumpunguzia mwenye ghala gunia moja bila ridhaa yake, apewe jirani, ni kumuumiza. Kwa hiyo Pareto hawezi kusema hali baada ya ugawaji huo ni bora. Mwaka 1971 mwanafalsafa John Rawls alitaka tumtazame kwanza aliye chini kabisa. Pareto hana macho ya kumwona.

Kigezo kinachohesabu hamu ya Staha juu ya usomaji wa mwenzake, kisha kikainyamazia njaa ya jirani, kimekwisha kuegemea upande.