Maji ya kuogea hayahitaji kuchemka

Kipupwe kimeingia. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Makete, Njombe, Mbeya, Iringa, Lushoto na miteremko ya Meru na Kilimanjaro hawaendi bafuni bila maji ya moto. Hata Dar es Salaam, kwenye joto lake, mtoto mchanga huandaliwa beseni la maji vuguvugu mwaka mzima. Ni jambo jema. Shida iko kwenye namna tunavyoyaandaa.

Katika nyumba nyingi maji ya kuogea hupikwa kama maji ya ugali. Yanawekwa jikoni, yanaachwa mpaka yatokote, kisha yanabebwa kwenda bafuni kuchanganywa na ya baridi. Hapo katikati, kati ya jiko na beseni, ndipo watoto wanapoungulia.

Maelezo ya wazazi wanaofika hospitali hufanana. Ndoo ya maji ya moto ilitangulia bafuni. Mama au dada wa kazi akarudi kuchota ya baridi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akaiinamia ndoo, au akarudi nyuma hatua mbili na kukaa ndani ya beseni. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mtu alikuwa akifanya kazi ya kila siku kwa namna ile ile ya kila siku.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaopona wanaweza kubaki na vidole vilivyoshikana, shingo isiyogeuka au goti lisilonyooka. Kwa watoto wadogo kinachounguza mara nyingi si moto wenyewe, ni kimiminika: chai, uji, mchuzi na maji ya kuoga.

Ngozi inahimili joto gani?

Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walichapisha vipimo vinavyotumika mpaka leo. Walionyesha kuwa ngozi huungua kutokana na mambo mawili: kiwango cha joto na muda wa kuguswa nalo. Maji ya nyuzi joto 49 huchukua dakika kadhaa kumuunguza mtu mzima vibaya. Ya nyuzi 60 huchukua sekunde 5 hivi. Yakifika nyuzi 70, sekunde 1 inatosha. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi, hivyo kwake muda huo ni mfupi kuliko huo.

Sasa linganisha na mahitaji. Mtoto mchanga anahitaji maji ya nyuzi 37 au 38, yaani joto la mwili wake. Mtu mzima anayependa maji ya moto hutosheka na nyuzi 40 au zaidi kidogo. Maji yanayotokota yako karibu na nyuzi 100. Tunapika maji kupita mahitaji yetu, halafu tunahangaika kuyapoza bafuni huku mtoto akizunguka miguuni.

Hesabu ya mkaa

Wengi huniambia kuwa kuchemsha maji machache na kuyachanganya kunaokoa mkaa. Tupige hesabu. Unataka lita 20 za nyuzi 38, na maji ya bomba yana nyuzi 20. Unaweza kuchemsha lita 5 hivi na kuongeza lita 15 za baridi. Au unaweza kuyapasha maji yote 20, katika sufuria moja kubwa au kwa awamu mbili, na kuyaepua yakiwa ya uvuguvugu. Joto linalohitajika kwa njia zote mbili linakaribiana sana. Tena sufuria inayotokota hupoteza joto kwa mvuke. Akiba hakuna, kinachoongezeka ni hatari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: epua mapema. Baada ya muda mfupi jikoni, chota maji kidogo kwa kopo, mimina kwenye beseni na uweke kiwiko. Yakiwa ya kuogea, epua. Ukiona mvuke mwingi na viputo chini ya sufuria, yameshapita. Anayejikwaa na ndoo ya maji ya nyuzi 40 analowa tu. Anayejikwaa na ndoo ya maji yanayotokota analazwa wodini.

Kama ni lazima kuchanganya, fuata utaratibu huu. Maji ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate. Jagi 1 la maji yaliyochemka kwa majagi 3 ya baridi huleta nyuzi 38 au 39 kama ya baridi yana nyuzi 20. Kwenye baridi kali ongeza ya moto kidogo kidogo. Koroga mpaka chini, kwa sababu maji ya moto huelea juu. Pima kwa kiwiko, maana kiganja kilichozoea kazi kinadanganya. Toa chombo cha maji ya moto bafuni. Hapo ndipo mtoto aitwe.

Kuna nyakati mbili ambapo maji yanahitaji zaidi ya kupashwa. Ya kwanza ni pale unapomwogesha mtoto ambaye kitovu hakijapona na maji yenyewe si safi. Yachemshe mapema, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, mbali na watoto. Ya pili ni maji ya ziwa au bwawa lenye kichocho, kama ilivyo maeneo mengi ya Kanda ya Ziwa. Vimelea vyake hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Yaache maji yakae siku 2 kwenye chombo safi kilichofunikwa, au yachemshe kisha yapoe kabla ya kuoga.

Hita, sola na gesi

Nani asiyependa kuachana na sufuria? Lakini kila kifaa kina tahadhari yake.

Hita ya kuzamisha kwenye ndoo ni ya bei nafuu, na inaweza kuua. Tumia ndoo ya plastiki, si ya bati. Izamishe kwanza, ndipo uchomeke kwenye umeme. Ichomoe kabla mtu yeyote hajagusa maji, hata kwa ncha ya kidole. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Ndoo hiyo isiachwe mahali ambapo mtoto anaweza kuvuta waya.

Hita ya umeme inayofungwa kwenye shawa hutumia umeme mwingi. Inahitaji waya mnene, swichi yake peke yake na waya wa ardhini, na ifungwe na fundi umeme anayejua kazi. Ukihisi bomba linakutetemesha vidole, usiendelee kuoga. Toka, kata umeme kwenye swichi kuu na uite fundi.

Maji ya sola hayana gharama ya kila siku, ila baada ya kutwa ya jua kali yanaweza kupita nyuzi 60. Fungulia ya baridi kwanza, changanya, pima, ndipo mtoto aingie. Usimwoshe mtoto chini ya bomba linaloendelea kutiririka, kwa kuwa joto hubadilika ghafla mtu mwingine anapofungua maji jikoni.

Hita ya gesi na jiko la mkaa vina hatari isiyoonekana. Moto unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Watu wawili au zaidi wakiumwa kichwa kwa pamoja ndani ya nyumba yenye jiko, msisubiri: tokeni nje wote na muende hospitali. Jiko la mkaa lisiingizwe bafuni wala chumbani, hata likiwa limebaki makaa tu. Hita ya gesi iwe na bomba la kutolea moshi nje ya nyumba.

Mkiwa safarini na kambini

Likizo ya Juni familia nyingi huenda mbugani na milimani. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa huko baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Baadhi ya makambi huning'iniza ndoo yenye kinyunyizio na mhudumu huijaza maji yaliyopashwa kwa kuni. Mwombe apime kwa mkono wake kabla ya kuipandisha, na mtu mzima atangulie kuoga.

Ukijitegemea, mfuko mweusi wa lita 20 ukiachwa juani saa kadhaa hutosha kuoga watu wawili au watatu kwa kubana matumizi. Nao upimwe: kwenye jua kali maji yake huweza kuwa ya moto kuliko unavyodhani. Kwa wanaokodi magari yenye vitanda na bafu ndani, uliza hita ni ya aina gani na moshi wake unatokea wapi. Maji yaliyolala kwenye tangi siku nyingi myamwage kabla ya kuoga, kwani bakteria wa lejionela, wanaosababisha homa ya mapafu, hupenda maji ya uvuguvugu yaliyotuama. Na usiku, hata baridi iwe kali vipi, jiko la mkaa au la gesi lisiingie kwenye hema wala kwenye gari.

Wengine walio hatarini

Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kutumbukiza mguu kwenye maji ya kuunguza na asijue. Vivyo hivyo aliyepooza upande mmoja. Maji yao yapimwe na mtu mwingine. Mwenye kifafa asioge peke yake mlango ukiwa umefungwa kwa komeo, wala asisimame karibu na chombo cha maji ya moto.

Yupo pia mama aliyejifungua. Mila ya kumkanda ina upendo ndani yake, na siipingi. Lakini kizazi hurudi chenyewe, na kunyonyesha hukisaidia kujikaza. Maji ya kuunguza hayakiharakishi. Bibi au shangazi anayekanda atumie maji ambayo yeye mwenyewe anaweza kuzamisha kiwiko, na asiguse mshono wa mama aliyefanyiwa upasuaji.

Mtoto akiungua

Mwondoe kwenye maji ya moto na umvue nguo haraka, pamoja na nepi, kwani nepi hushika maji ya moto na kuendelea kuunguza. Mvue pia bangili na shanga kabla ya uvimbe. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute.

Mwagia sehemu iliyoungua maji ya kawaida ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Tazama saa, maana dakika 20 mtoto akiwa analia ni ndefu sana. Hata kama limepita saa zima tangu aungue, bado yanasaidia. Mwili uliobaki ufunike asipate baridi, hasa kama ni mchanga.

Usipake dawa ya meno, yai, unga, mafuta wala asali. Usiweke barafu. Usitoboe malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, kama kanga iliyofuliwa na kupigwa pasi, kisha nendeni.

Muende hospitali mara moja ikiwa ameungua usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo; ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe; ikiwa ngozi imekuwa nyeupe au haina maumivu; au ikiwa hajafikisha mwaka mmoja. Kiganja cha mtoto pamoja na vidole ni sawa na asilimia 1 ya mwili wake. Viganja 10 ni dharura inayohitaji maji ya mshipani, na kila saa ina thamani. Beba kadi yake ya kliniki ili tuone chanjo ya pepopunda.

Leo jioni, kabla ya zamu ya kuoga, kaa na kila anayemwogesha mtoto nyumbani kwako: dada wa kazi, bibi, kaka mkubwa. Mwonyeshe kiwiko kinavyopima. Mkubaliane kwamba sufuria ya maji ya kuoga itaepuliwa kabla haijatokota.