Je, chai na kahawa hudhoofisha mifupa?

AKINA mama wengi hapa Machakos, hasa waliokoma hedhi, huuliza kama waache chai ili mifupa yao isivunjike upesi. Swali hilo lina maana, kwani mzee akivunjika nyonga huenda asitembee tena kama zamani.

Kwanza, fahamu kwamba mfupa una uhai. Ndani yake mna seli zinazobomoa mfupa mkuukuu na nyingine zinazojenga mpya. Hedhi inapokoma, kazi ya kubomoa huanza kuishinda ile ya kujenga.

Chai na kahawa zina kemikali za mimea ziitwazo polifenoli. Baadhi yake ndizo huleta ule ukakasi unaousikia ulimini unapokunywa turungi. Wataalamu walipoweka polifenoli za chai pamoja na seli za mifupa katika maabara, zile za kujenga ziliongeza bidii na zile za kubomoa zikapungua. Hata hivyo, maabara si mwili wa binadamu, na kiasi kikubwa mno cha kemikali hizo chaweza kuzidhuru seli zenyewe.

Je, kwa watu hali ikoje? Mwaka 2000, uchunguzi wa wanawake zaidi ya 1,200 wenye umri wa miaka 65 hadi 76 huko Cambridge, Uingereza, ulionyesha kuwa wanywaji chai walikuwa na mifupa imara kidogo kuliko wasiokunywa. Nchini Uswidi, mwaka 2013, wanawake zaidi ya 61,000 walichunguzwa. Waliokunywa vikombe vinne vya kahawa au zaidi kwa siku walikuwa na mifupa hafifu kwa asilimia 2 hadi 4, lakini hawakuvunjika zaidi ya wenzao. Kafeini hupoteza kalsiamu kidogo kupitia mkojo. Vijiko viwili vikubwa vya maziwa kikombeni hutosha kuifidia.

Basi kwa mkazi wa Machakos, jambo la kuchunga zaidi ni maji. Baadhi ya visima virefu huku kwetu vina madini mengi ya floraidi, yale yanayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Jani la chai nalo hufyonza floraidi kutoka ardhini, na ukilichemsha huingia majini. Floraidi ikizidi kwa miaka mingi huchochea ujenzi wa mfupa mnene lakini mbovu, na viungo hukakamaa. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamke wa miaka 47 aliyeumwa mifupa baada ya kunywa chai ya mifuko 100 hadi 150 kila siku kwa miaka 17.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Ikiwa unatumia maji ya kisima kirefu, yapeleke yapimwe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, pika chai kwa maji ya mvua.

Vikombe viwili au vitatu kwa siku havina neno. Ongeza uji wa wimbi, maziwa, omena na mboga za majani, tembea kila siku na uache sigara. Na ukiwa umepita miaka 50 ukavunjika mkono kwa kujikwaa tu, usingoje: mwone daktari akupime mifupa.